USALAMA WA NCHI NA SAFARI YA MFANYA KAZI

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Kisii na Nyamira



Nimeombwa nieleze habari ya amri za kuzuia watu kusafiri kwa sababu ya usalama wa nchi, na mabishano ya siasa yaliyoko juu yake. Huenda mtu akauliza: chama cha wafanya kazi kina shauri gani na visa na paspoti? Je, kazi yetu si mshahara, saa za kazi na nyumba za kukaa?

Nitajibu mara moja. Mfanya kazi hana duka. Anachouza ni nguvu za mikono yake na ujuzi wake. Akizuiwa kuvipeleka mahali vinapotakiwa, bei yake inashuka, na anayenunua anafurahi. Kwa hiyo habari ya nani aruhusiwe kutembea na nani azuiwe ni habari ya mshahara pia. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla yetu.

KIPANDE

Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumiwa kwa nguvu baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la bwana aliyemwandika na mshahara aliolipwa. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikopo cha bati na kuvaliwa shingoni. Mtu wa Kitutu au wa Nyaribari aliyekwenda kazi katika mashamba ya wazungu hakuweza kuondoka kwa amani mpaka bwana atie sahihi. Akiondoka bila sahihi alikuwa mtoro, na polisi walimtafuta kama mwizi. Mwaka 1947 ilitungwa sheria nyingine ya kuandikisha watu wa rangi zote, na kile kipande cha zamani kikaondoka.

Lakini mwaka ule ule wa 1947, baada ya mgomo mkubwa wa Mombasa wa mwezi wa Januari, kiongozi wa wafanya kazi Chege Kibachia alikamatwa akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet, Baringo. Mwezi wa Mei 1950 akakamatwa Makhan Singh, ambaye pamoja na Fred Kubai alianzisha Kongresi ya Vyama vya Wafanya Kazi vya Afrika Mashariki mwaka 1949. Makhan Singh alizuiliwa kaskazini ya nchi mpaka mwezi wa Oktoba 1961. Miaka kumi na moja ilipita bila kuambiwa amemwua nani wala ameiba nini. Ilisemwa tu kwamba ni mtu asiyetakiwa, na kwamba amani ya nchi ilitaka asitembee.

Baadaye Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliuzingira mji wa Nairobi, wakawatenga watu kwa kabila. Mkikuyu, Mwembu na Mmeru walipelekwa upande mmoja, na maelfu yao wakaenda kambini. Mgusii, Mjaluo na Mluhya waliambiwa wao hawana neno. Wapo waliofurahi siku ile kwa kuwa si zamu yao. Lakini vyama vya wafanya kazi vilipoteza viongozi wengi katika msako ule, na aliyebaki kazini akajikuta hana wa kumsemea kwa mwajiri.

HATARI NI YA KWELI

Ndugu zangu, sikuja hapa kusema kwamba usalama ni hadithi. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipasuka katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, likaua watu 213, na wengi wao walikuwa Wakenya waliokuwa kazini au njiani. Mwezi wa Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika maduka ya Westgate. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148, karibu wote wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mtu mwenye mtoto chuoni hawezi kuambiwa kwamba serikali isiangalie anayepita mpakani. Serikali isiyowalinda watu wake haijafanya kazi yake.

Basi ubishi wetu si kama serikali ilinde nchi au isilinde. Ubishi ni juu ya namna ya kulinda. Mimi nawaomba mshike maswali matatu, na kila mara mnaposikia amri ya kuzuia watu, myaulize.

La kwanza: Anayezuiwa ni mtu kwa tendo lake, au ni kabila, dini au taifa zima kwa jina lake?

La pili: Ameambiwa sababu, tena sababu iliyoandikwa, ambayo anaweza kuijibu?

La tatu: Kuna mahali pa kulalamika, mbele ya mtu mwingine asiye yule aliyemzuia?

Amri inayojibu vizuri maswali haya matatu ni ya haki, hata kama ni kali. Amri isiyojibu hata moja ni kipande, hata kama imeandikwa kwa mashine mpya.

TUANZE KWETU

Ni rahisi kuanza na Marekani, kwa sababu Marekani iko mbali. Tuanze na Kenya.

Mwezi wa Aprili 2014 serikali yetu ilifanya msako mkubwa mjini Nairobi, hasa mtaa wa Eastleigh. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengi wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili vyeti vyao vitazamwe. Walikuwamo wageni wasio na ruhusa, lakini walikuwamo pia Wakenya waliozaliwa hapa. Kwa miaka mingi kijana wa Garissa, Wajir au Mandera aliyetaka kitambulisho alipitishwa mbele ya kamati ya kumchunguza, na kijana wa Nyamira hakupitishwa. Mwezi wa Februari 2025 Rais William Ruto alitia sahihi mjini Wajir tangazo la kuondoa uchunguzi ule wa pekee. Kukazuka ubishi mkubwa. Wengine walisema mpaka umefunguliwa kwa maadui. Wengine walisema raia amerudishiwa haki yake. Ulizeni swali la kwanza, nanyi mtajua mseme nini. Kijana hawezi kuwa adui kwa sababu ya mahali alipozaliwa.

Jambo jingine linatugusa karibu zaidi. Tarehe 30 Januari 2018 Raila Odinga aliapishwa na wafuasi wake katika Uhuru Park, na wakili Miguna Miguna alishiriki. Siku chache baadaye Miguna alikamatwa, na mwezi wa Februari akatiwa katika ndege na kupelekwa Kanada. Serikali ilisema amepoteza uraia wake alipochukua uraia wa Kanada zamani. Mahakama zilitoa amri afikishwe mbele yao, hazikutiiwa. Alirudi mwezi wa Machi, akatolewa tena. Mahakama Kuu iliwatoza shilingi 200,000 kila mmoja Waziri wa Mambo ya Ndani, Mkuu wa Polisi na Katibu wa Uhamiaji kwa kudharau amri zake. Mwezi wa Desemba 2018 Mahakama Kuu ikakata kwamba haki zake zilivunjwa na kwamba hakupoteza uraia wake wa kuzaliwa. Hata hivyo hakufika nyumbani mpaka mwezi wa Oktoba 2022.

Waziri wa wakati ule alikuwa Dk. Fred Matiang'i, mwana wa Nyamira. Wengi walisema wakati ule: huyu ni wetu, tunyamaze. Sisemi haya kwa kumtukana, wala chama hiki hakikuja hapa kuchagua watu. Lakini kumbukeni mwana mwingine wa upande ule ule, George Anyona, Mbunge wa Kitutu Mashariki. Mwaka 1977 aliwekwa kizuizini kwa sheria ya usalama wa umma, bila kushtakiwa, akaachiliwa mwezi wa Desemba 1978. Mmoja alifungiwa mlango, mwingine alishika ufunguo, na wote ni watoto wetu. Tukipima sheria kwa kutazama ni nani ameshika ufunguo, siku utakapobadilisha mkono tutakuwa hatuna la kusema.

TULIVYOHUKUMIWA KWA JINA

Tena sisi si wageni wa jambo hili. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wagusii waliokuwa wakichuma chai Kericho walifukuzwa katika nyumba za mashamba. Mpakani mwa Borabu na Sotik watu waliuana, na soko la Chepilat likachomwa. Mchuma chai aliyekimbia usiku na watoto wake hakuulizwa amepigia kura nani. Aliulizwa jina lake, na jina likatosha. Waliomfukuza walisema wanajilinda. Na huku kwetu pia wapo waliomtazama jirani wa Kikipsigisi kwa jicho hilo hilo.

Aliyeonja dawa hii hawezi kuisifu ikipewa mwingine.

JIRANI ZETU

Mwezi wa Mei 2025 Martha Karua, aliyekuwa Waziri wa Haki wa Kenya, alikwenda Dar es Salaam kutazama kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Alizuiwa uwanja wa ndege akarudishwa. Kesho yake aliyekuwa Jaji Mkuu, Willy Mutunga, naye akarudishwa. Rais Samia Suluhu Hassan alisema hatawaachia watu wa nchi nyingine waje kuvuruga nchi yake.

Nchi zetu mbili zilitia sahihi mapatano ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, yaliyoanza kutumika mwezi wa Julai 2010, na ndani yake imeandikwa kwamba watu na wafanya kazi watembee huru. Mapatano hayo yanaruhusu kuzuia mtu kwa ajili ya usalama wa umma. Lakini kumwita mtu hatari kwa usalama kwa sababu amekuja kuketi mahakamani asikilize kesi ni kulipa neno usalama mzigo lisiloweza kuubeba. Tena tujiulize: mawakili na majaji wakirudishwa hivyo, mwanamke wa Kisii anayevuka Isebania na mzigo wake wa biashara atategemea nini?

MAREKANI

Sasa tuje kwa jambo ambalo wengi mmelingojea. Hakuna kata katika Kisii na Nyamira isiyokuwa na mtu Marekani. Katika jimbo la Minnesota peke yake Wagusii ni wengi hata mtu anaweza kukaa wiki nzima akisema Ekegusii. Wengi wanafanya kazi ya kuwatunza wazee na wagonjwa, usiku na mchana. Nyumba nyingi za matofali mnazoziona hapa, karo nyingi za shule na gharama nyingi za mazishi zimetoka katika jasho lile.

Tarehe 27 Januari 2017 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuwazuia watu wa nchi 7 kuingia Marekani, Somalia na Sudan zikiwamo. Watu walijaa katika viwanja vya ndege kupinga, na majaji wakaizuia. Amri iliandikwa upya mara mbili, na tarehe 26 Juni 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ikaikubali ile ya tatu kwa majaji 5 dhidi ya 4. Mwezi wa Januari 2020 nchi nyingine ziliongezwa, na Watanzania wakazuiwa kupata ile visa ya bahati nasibu. Rais Joe Biden aliifuta amri hiyo tarehe 20 Januari 2021. Trump aliporudi, tarehe 4 Juni 2025 alitoa tangazo jipya: nchi 12 zilifungiwa kabisa, Somalia, Sudan na Eritrea zikiwamo, na nchi 7 zilifungiwa kwa sehemu, Burundi ikiwamo. Tarehe 16 Desemba 2025 orodha ikaongezwa, Sudan Kusini ikafungiwa kabisa na Tanzania kwa sehemu.

Kenya haikutajwa katika orodha hizo, na wapo kati yetu waliosema: ashukuriwe Mungu, hayatuhusu. Lakini mtazameni Mtanzania. Mwaka 2017 hakuwamo. Mwaka 2020 akatiwa. Mwaka 2021 akatolewa. Mwezi wa Juni 2025 hakuwamo. Mwezi wa Desemba akatiwa tena. Muuza samaki wa Mwanza hakubadilika hata kidogo katika miaka ile yote. Kilichobadilika ni kalamu ya mtu mwingine. Mwenzako akinyolewa, chako tia maji.

Tena tazameni sababu. Matangazo ya mwaka 2025 yalitaja ugaidi, lakini yalitaja pia vyeti visivyoaminika na watu wanaokaa kupita muda wa visa zao. Kwa Burundi, hilo la kupitisha muda ndilo lililotajwa. Mtu aliyepitisha muda amevunja sheria, lakini hakutega bomu. Na mwanafunzi wa Bujumbura ambaye hajawahi kupanda ndege analipa deni la mtu asiyemjua.

MAJIBU KWA WANAOBISHA

Wapo wanaosema: mwenye nyumba ana haki ya kuchagua mgeni wake. Ni kweli. Hakuna Mkenya mwenye haki ya kuingia Marekani kama ana haki ya kuingia Kenya. Lazima tutenganishe mambo haya mawili. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 39, inampa kila raia haki ya kuingia Kenya na kukaa mahali popote katika nchi, na hiyo hakuna waziri anayeweza kumnyang'anya. Kwa nchi ya watu sisi ni waombaji. Lakini hata mwombaji ana haki ya kutazamwa yeye mwenyewe, na karatasi zake mwenyewe.

Wengine wanasema: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Hilo ni neno la kapu la samaki. Watu si samaki. Marekani wenyewe walilifuata neno hilo mwaka 1942, wakawatia kambini watu kama 120,000 wa asili ya Kijapani, wengi wao raia wa Marekani, kwa kuogopa kwamba watamsaidia adui. Mwaka 1988 serikali ile ile iliomba radhi, ikatoa dola 20,000 kwa kila aliyekuwa hai. Miaka zaidi ya 40 ilipita, na wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Wa tatu wanasema: watu wetu walioko huko wakae kimya, wasijitie katika habari za Wasomali. Mimi nasema hiyo ni hesabu mbaya ya mfanya kazi. Minnesota ni makao ya Wasomali wengi kama ilivyo makao ya Wagusii, na wote wanatafuta kazi zile zile. Mfanya kazi mwenye hofu ya karatasi zake haombi nyongeza ya mshahara, wala halalamiki akizidishiwa saa. Mwajiri akiwa na watu kumi wenye hofu, yule wa kumi na moja asiye na hofu atalipwa mshahara wa wenye hofu.

TUFANYE NINI

Ndugu wanachama, maneno bila kazi ni upepo. Napendekeza mambo matano.

Kwanza, mwanachama anayetaka kusafiri aseme kweli katika karatasi zake, na akifika aheshimu muda aliopewa. Asimpe nafasi mtu wa kulichafua jina la wengine.

Pili, tujihadhari na madalali wanaouza visa. Ada ya kuomba visa ya matembezi ya Marekani ilipandishwa kuwa dola 185 mwaka 2023, na hairudishwi hata ukinyimwa. Ukinyimwa dirishani huna hakimu wa kumwendea. Utaomba tena na kulipa tena. Dalali anayesema ana mtu ndani ya ubalozi anataka ng'ombe wako tu. Kabla ya kuuza shamba au kuita harambee, njoo uulize chama, tukutafutie mtu mwenye kujua.

Tatu, mtu anayenyimwa kitambulisho au paspoti na ofisi ya Kenya asirudi nyumbani akanung'unike. Kifungu cha 12 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata vyeti hivyo, na kifungu cha 47 kinampa haki ya sababu zilizoandikwa. Aandike barua aombe sababu hizo, nakala ailete hapa.

Nne, kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kupeleka maombi Bungeni. Tuwaandikie Wabunge wa Kisii na Nyamira, wa vyama vyote, tuwaulize wanasema nini juu ya mapatano ya Afrika Mashariki yasiyofuatwa mpakani, na serikali yetu imefanya nini kwa Wakenya wanaozuiwa nje. Waulizeni wanapokuja kuomba kura, na majibu yao tuyaweke.

Tano, tuangalie ndimi zetu. Msomali mwenye duka mjini Kisii, Mkipsigisi anayeleta maziwa Keroka, Mtanzania anayefanya kazi ya mjengo Nyamira, hao ni watu wa kupimwa kwa matendo yao. Akivunja sheria, ashtakiwe yeye. Chama kinachowaomba Wamarekani haki hii hakiwezi kumnyima jirani yake.

Ndugu Mwenyekiti, kwa hayo naomba mkutano huu ukubali azimio hili: kwamba sisi wafanya kazi wa Kisii na Nyamira tunataka nchi yenye usalama, tunakubali mtu mwenye kosa azuiwe kwa sheria na mbele ya hakimu, na tunakataa mtu yeyote, wa kwetu au wa kwingine, azuiwe kwa sababu ya kabila, dini au taifa lake. Kama kuna mwanachama asiyekubaliana nami, asimame aseme, maana mkutano ni wa wote, kisha tupige kura.